Kiti Kilichotetemeka: kiki ya William Castle na filamu ya The Tingler, 1959

Julai 1959 kampuni ya Columbia Pictures ya Marekani iliingiza sokoni filamu ya kutisha iitwayo The Tingler. Haikuwa filamu kubwa. Ilikuwa ya dakika 82, ya rangi nyeusi na nyeupe isipokuwa kipande kimoja kifupi, na ilitengenezwa kwa pesa za kujibana. Lakini baadhi ya kumbi zilizoipokea zilipokea na mzigo wa pili: mota ndogo, waya, na maelekezo ya namna ya kuzifunga chini ya viti vya watazamaji. Dakika yake ikifika, swichi inabonyezwa na viti vile vinatetemeka, mtazamaji akiwa juu yake.

William Castle, aliyeiongoza na kuitayarisha filamu hiyo, aliupa mtambo huo jina la Percepto. Ni moja ya kiki zinazokumbukwa zaidi katika historia ya sinema, na kawaida husimuliwa kama kichekesho: jamaa mmoja alitega umeme kwenye viti ili watu wapige kelele. Hilo la umeme lenyewe limekosewa. Hakuna aliyepigwa shoti. Chini ya kiti palikuwa na mota ya kutetemesha tu, masalia ya jeshi yaliyouzwa kama vifaa vya ziada, na kazi yake ya asili ilikuwa kuzuia barafu isigande kwenye mabawa ya ndege.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa polepole kwa sababu wengi wanaokiiga huiga mota. Kwa maoni yangu mota ndiyo iliyokuwa sehemu dhaifu kuliko zote.

Hali ya soko

Mwaka 1946 ndio uliokuwa kilele cha sinema Marekani. Makadirio ya wakati ule yanataja watazamaji wapatao milioni 90 kwa wiki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 idadi hiyo ilikuwa imeshuka kwa nusu hivi au zaidi. Televisheni ilikuwa imeingia sebuleni, na familia nyingi zilikuwa zimehamia vitongoji vipya, mbali na kumbi kubwa za katikati ya mji.

Juu ya hayo, mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya serikali dhidi ya Paramount Pictures. Kampuni kubwa za filamu zililazimika kuachana na kumbi zilizokuwa zikizimiliki, na ule mtindo wa kumuuzia mwenye ukumbi filamu kwa mafungu, nzuri na mbovu pamoja, ukapigwa marufuku. Wenye kumbi walipata uhuru wa kuchagua, na pamoja nao njaa. Studio zilianza kutengeneza filamu chache zaidi na kuziuza ghali zaidi, na meneja wa ukumbi wa mtaani akabaki anatafuta kitu cha kujaza viti Jumamosi mchana.

Studio kubwa zilijibu kwa mitambo. Filamu iliyowasha homa ya 3D, ile ya kutazama kwa miwani, ilikuwa Bwana Devil ya 1952, na hadithi yake ni ya simba wala watu wa Tsavo wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda. (Kwamba homa nzima ya Hollywood ilianzia Tsavo ni jambo ambalo watu wa Voi, mji wa Kenya ulio jirani na Tsavo, wangekuwa na haki ya kulidai.) Zikafuata skrini pana na sauti za kuzunguka ukumbi mzima. Mitambo hiyo ilidai fedha, na fedha ndiyo ambayo ukumbi wa mtaani haukuwa nayo.

Castle aliingia kupitia upenyo huo.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa New York mwaka 1914. Kwa miaka mingi alikuwa mwongozaji wa filamu za daraja la pili, zile za kutengenezwa haraka na kusahauliwa haraka. Ujanja wa matangazo alikuwa nao tangu ujana, na si wote ulikuwa wa kuchekesha. Mwaka 1939, kwa simulizi yake mwenyewe, aliendesha jumba la tamthilia huko Connecticut, na ili kumpa umaarufu mwigizaji wake mmoja Mjerumani, alieneza habari kwamba wakubwa wa Kinazi wanamtaka arudi nyumbani naye amekataa. Kisha akaliharibu jumba lake mwenyewe usiku na kulichora alama za Kinazi, ili ionekane kwamba limeshambuliwa. Naitaja habari hii kwa makusudi. Watu humsimulia Castle kama mjomba mchangamfu mwenye sigara kubwa mdomoni, na alikuwa hivyo, lakini mkono uliofunga mota chini ya viti ndio ule ule uliochora alama zile ukutani.

Kwa maelezo yake, alipata wazo la kutengeneza filamu za kutisha kwa fedha zake baada ya kuona vijana wamepanga foleni kwenda kutazama filamu ya Kifaransa, Les Diaboliques ya mwongozaji Clouzot. Mwaka 1958 akatoa Macabre. Alipoitazama ikiwa tayari, alijua haitoshi. Akaenda kwa Lloyd's ya London na kukata bima ya maisha: mtazamaji yeyote atakayekufa kwa hofu wakati filamu inaonyeshwa, warithi wake watalipwa dola 1,000. Kila aliyenunua tiketi alipewa cheti. Kwenye kumbi nyingine waliwekwa manesi mlangoni, na magari ya kubebea maiti yakaegeshwa nje.

Hiyo ilikuwa kiki safi, kwa maana kwamba haikugusa filamu hata kidogo. Ungeweza kukibandika cheti kile kwenye filamu nyingine yoyote ya kutisha na matokeo yakawa yale yale. Ilikuleta hadi kwenye kiti, na hapo kazi yake ikaisha. Mengine uliachiwa mwenyewe na filamu ambayo hata Castle hakuiamini.

Filamu iliyofuata, House on Haunted Hill ya mwanzoni mwa 1959, ilikwenda hatua moja mbele. Mtambo wake uliitwa Emergo. Kwenye skrini mifupa ya mtu inainuka kutoka kwenye pipa la tindikali, na wakati huo huo mifupa mingine, ya plastiki, inatoka kwenye sanduku lililofichwa kando ya skrini na kupita juu ya vichwa vya watazamaji ikining'inia kwenye waya. Wazo ni zuri. Udhaifu wake ulikuwa waya. Kila mtu aliuona, na mtoto aliyekwisha kuitazama mara moja aliwaambia shule nzima. Wiki ya pili watoto walikuja wamejiandaa, na mifupa ilipopita ililakiwa kwa mvua ya maboksi ya bisi na vikombe vya soda. Watoto walifurahi mno, sina shaka, lakini hakuna aliyeogopa, na meneja alikuwa na ukumbi wa kufagia.

Tundu lililoachwa ndani ya hadithi

Sasa tuifungue The Tingler yenyewe, maana siri imo humo.

Mwigizaji mkuu ni Vincent Price, akiwa daktari wa kuchunguza maiti aitwaye Warren Chapin. Chapin amegundua kwamba msisimko unaopanda mgongoni mtu anapoogopa si hisia tu. Ni kiumbe hai, kinachokua juu ya uti wa mgongo kadiri hofu inavyozidi, na kina nguvu za kuvunja mifupa. Kinachokidhoofisha ni kitu kimoja tu, yowe. Anayepiga kelele anapona, na anayeshindwa anakufa.

Kisayansi ni upuuzi mtupu. Kimatangazo ni kazi ya fundi. Mwandishi wa hadithi, Robb White, ametunga kanuni inayomwambia mtazamaji afanye nini na kumpa sababu ya kufanya. Castle mwenyewe anatokea kwenye skrini kabla hadithi haijaanza na kuirudia kanuni hiyo kwa uso mkavu: baadhi yenu mtahisi msisimko huu miilini mwenu, na mkihisi, msione haya kupiga kelele, huenda zikawaokoa. Halafu filamu inaifafanua tena na tena kwa zaidi ya saa nzima. Inapofika dakika yenyewe, ukumbi mzima umekwisha kufanyishwa mazoezi bila kujua.

Mfano mkuu ndani ya hadithi ni Martha Higgins, bubu na kiziwi, ambaye yeye na mumewe Ollie wanamiliki ukumbi wa sinema unaoonyesha filamu za zamani zisizo na sauti. Martha hawezi kupiga kelele. Kwa hiyo anakufa. Kifo chake ndicho chenye kile kipande cha rangi: anaingia bafuni, bomba la sinki linatoa damu, beseni la kuogea limejaa damu, na damu ile ni nyekundu wakati kila kitu kingine ni cha kijivu. Hapakuwa na uchawi wa maabara. Walitumia filamu ya rangi, wakapaka chumba kizima rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, wakampaka na mwigizaji rangi ya kijivu, kisha wakamimina damu. Napenda sana kipande hiki, kwa kuwa kinaonyesha kwamba Castle alipotaka, aliweza kutisha bila mota yoyote.

Kiumbe kinatolewa mwilini mwa marehemu, kinatoroka, na kinaingia kwenye ukumbi ule ule wa sinema. Hapo watazamaji wa kweli wanajikuta wanatazama watazamaji wa kuigiza, waliokaa gizani kama wao, wakitazama filamu kama wao (ni Tol'able David ya 1921). Kiumbe kinamshika mwanamke mguuni. Kinapanda hadi chumba cha projekta. Ghafla filamu inakatika.

Inakatika kweli, kwa jinsi mtazamaji anavyoona. Skrini inakuwa nyeupe tupu. Miaka ile filamu kukatika lilikuwa jambo la kawaida, na kila mtu alikwisha kukaa mbele ya skrini nyeupe akisubiri jamaa wa juu aunge mkanda. Kisha kwenye weupe ule kinapita kivuli cha mdudu mkubwa, kama aliyetambaa juu ya lenzi. Giza linaingia. Sauti ya Price inawaambia mabibi na mabwana kwamba kiumbe kimefunguka ndani ya ukumbi huu, wapige mayowe, wapige mayowe kuokoa maisha yao.

Hapo ndipo mota zinapowashwa.

Tazama kilichotangulia kabla ya mota kugusa mgongo wa mtu. Hadithi imetoa kanuni. Imehamia ndani ya ukumbi wa sinema. Imezima picha, imezima taa, na imemwita mtazamaji moja kwa moja. Kwenye filamu limeachwa tundu lenye umbo la mtazamaji, na mota inamsukuma tu aingie. Cheti cha bima cha Macabre kilikuwa nje ya filamu, na mifupa ya Emergo ilipita juu yake. Percepto ilikuwa ndani.

Kazi ya mikono

Masimulizi mengi humpa Castle sifa zote. Lakini Castle alikuwa mmoja na kumbi zilikuwa nyingi. Walioifanya kiki hii itokee ni watu wa ukumbi.

Kufunga mota ni kazi ya kulala chali sakafuni, chini ya viti vilivyokazwa kwa skrubu, kwenye sakafu iliyoganda soda na peremende za miaka. Kila mota inataka waya, kila waya unatakiwa upite mahali ambapo hakuna mguu utakaounasa, na zote zikusanyike hadi kwenye swichi. Filamu ikimaliza zamu yake, vyote vinafunguliwa viende ukumbi mwingine. Ndiyo maana Percepto ilitumika zaidi kwenye kumbi kubwa za mijini. Ukumbi mdogo wa mji mdogo ulipata filamu tu, na sauti ya Price ikafanya kazi peke yake. Kwa sinema za uwanjani, ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, palitengenezwa toleo tofauti la tangazo hilo, kwa sababu huwezi kumwambia mtu aliye ndani ya gari lake kwamba kiumbe kimo ukumbini.

Halafu kuna mwendesha projekta. Filamu ya milimita 35 ilifika kwenye mikanda ya dakika kama 20 kila mmoja, na kazi yake ilikuwa kubadilisha kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtazamaji kugundua. Ustadi wake ulipimwa kwa jinsi asivyoonekana. Sasa anaombwa awe mwigizaji: skrini ikiwa nyeupe aache iwe nyeupe, giza likiingia aliache, na mota zije kwa sekunde yake. Swichi ikiwahi kabla ya sauti, mtazamaji anadhani kiti kimeharibika. Ikichelewa, kila mtu amekwisha kucheka.

Na meneja ndiye aliyeamua mota ziwekwe wapi, jambo ambalo naliona ndilo uamuzi mzito kuliko yote ya ukumbini. Hazikuwekwa kila kiti. Uchache huo ulitokana na gharama, lakini ndio ulioiokoa kiki. Kiti kikitetemeka kwa kila mtu, kila mtu anajua mara moja kwamba ni mashine. Kikitetemeka kwa wachache waliotawanyika, wale wachache wanaruka na kupiga kelele, na jirani zao, ambao hawakuhisi chochote, wanasikia mayowe ya kweli gizani kutoka kwa watu wa kweli. Waliokosa mota waliogopeshwa na waliopata. Kwenye baadhi ya kumbi walipandikizwa na wanawake wa kukodi waliopiga kelele na kuzimia, wakabebwa nje kwa machela na manesi wa bandia, kisha wakarudi kuzimia tena onyesho lililofuata.

John Waters, aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu, alikuwa mtoto Baltimore wakati huo, na ameandika jinsi alivyokuwa akizunguka ukumbini akitafuta kiti chenye mota ili akikalie. Siku hizi tungesema mtu huyo ameharibu kiki, ameijua siri. Mimi naona amefanya kile ambacho hakuna tangazo la gazeti lingeweza kukifanya. Mtoto aliyeogopa mifupa ya Emergo mara moja hakuwa na cha kuogopa tena, lakini mtoto aliyejua kuhusu mota alikuwa na sababu ya kurudi: huenda safari hii akakipata kiti.

Mayowe gizani

Kuna swali ambalo mtu yeyote mwenye dhamana ya ukumbi angeliuliza kabla ya mengine yote. Inakuwaje unazima taa kwenye chumba chenye mamia ya watu, wengi wao watoto, na kuwatangazia kwamba kuna hatari?

Marekani ilikuwa na sababu ya kulijua jibu. Desemba 30, 1903, moto uliwaka katika jumba la Iroquois mjini Chicago wakati wa onyesho la mchana, na zaidi ya watu 600 walikufa, wengi kwa kubanana kwenye milango isiyofunguka. Mwaka 1919 Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu alipotaka mfano wa maneno ambayo sheria haiwezi kuyalinda, alimchagua mtu anayepiga kelele za uongo za moto ndani ya jumba la maonyesho na kusababisha taharuki. Kwa mizani hiyo Castle alikuwa anacheza karibu sana na ukingo.

Kilichomwokoa, kwa jinsi ninavyoliona jambo hili, ni ile kanuni ya hadithi. Mtu akiogopa anataka kufanya kitu, na kwa kawaida kitu hicho ni kukimbia. The Tingler inampa kitu kingine: piga kelele. Haisemi ondoka, wala haisemi kiko mlangoni. Kupiga kelele unakufanya ukiwa umekaa, na hofu inatokea mdomoni badala ya miguuni. Baada ya muda mfupi sauti ile ile ya Price inarudi, imetulia, na kusema mayowe yenu yamekishinda, hatari imekwisha, tunaendelea na filamu. Picha inarudi. Mlango wa hofu umefunguliwa na kufungwa na mtu mmoja, na watazamaji wamepongezwa kwa kazi nzuri.

Anayetaka kuiga kisa hiki leo aanzie hapo, kwenye swali la mwili wa mtu aliyeogopa utaelekea wapi. Meneja akishindwa kulijibu kwa sentensi moja, kiki aiache.

Mota zikitengwa na filamu

Robb White alisimulia miaka baadaye kwamba mota zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye ukumbi mmoja huku bado ikionyeshwa filamu nyingine, The Nun's Story, hadithi tulivu ya mtawa iliyoigizwa na Audrey Hepburn. Swichi ikabonyezwa. Watu waliokuja kutazama maisha ya utawa wakatetemeshwa makalio bila maelezo, na ukumbi ukachafuka. Castle naye ana hadithi ya dereva wa lori huko Philadelphia aliyekasirishwa na mtetemo hadi akaking'oa kiti sakafuni.

Watu wa maonyesho hawaoni taabu kuongeza chumvi, kwa hiyo sitaapa kwa hadithi hizi mbili. Lakini zote zinaelekeza mahali pamoja. Mota bila hadithi ni usumbufu. Watazamaji wa Hepburn walipata mtetemo ule ule na hawakupata burudani yoyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaandaa wala kuwapa ruhusa ya kupiga kelele.

Baada ya hapo

Castle aliendelea. Kwenye 13 Ghosts ya 1960 mtazamaji alipewa kadi yenye vipande vya plastiki vya rangi, utazame kwa kimoja uone mizimu, kwa kingine isionekane. Kwenye Homicidal ya 1961 filamu ilisimama karibu na mwisho kwa sekunde 45, na aliyeogopa aliruhusiwa kutoka na kurudishiwa fedha zake. Wajanja wakagundua mara moja: wanatazama onyesho la kwanza hadi mwisho, wanabaki kwenye viti vyao, na kwenye onyesho la pili wanatoka na kudai chao. Ikabidi tiketi za kila onyesho ziwe na rangi yake, na anayedai fedha apitie kwenye Kona ya Waoga, afuate alama za njano mbele ya ukumbi mzima na kutia saini kwamba yeye ni mwoga. Ni kiki yenye hesabu nzuri sana, maana bei ya kurudishiwa fedha ilikuwa aibu, na kwa kijana aliyekuja na mchumba wake aibu ni ghali kuliko tiketi. Lakini ni hesabu. Haina lile tundu la The Tingler.

Aliyelielewa tundu hilo kuliko wote ni mwongozaji Alfred Hitchcock. Mwaka 1960, kwa Psycho, aliweka sharti moja kwa kumbi zote: hakuna atakayeingia filamu ikishaanza. Wakati ule watu walikuwa na mazoea ya kuingia sinema saa yoyote na kukaa hadi onyesho lirudi pale walipoingilia. Sharti hilo halikuhitaji waya wala mota, lilihitaji mabango, sauti ya Hitchcock mlangoni na wafanyakazi wenye msimamo. Nalo lilitoka ndani ya filamu: mwigizaji maarufu anauawa mapema, na anayechelewa atakaa akimsubiri mtu ambaye ameshakufa. Foleni iliyojaa nje ikawa ndiyo tangazo. Ukinilazimisha kuchagua kiki moja kwa ajili ya ukumbi mdogo usio na fedha, ningeichukua hii na kuziacha mota.

Castle mwenyewe alipata mafanikio yake makubwa kuliko yote mwaka 1968 kama mtayarishaji wa Rosemary's Baby, iliyoongozwa na Roman Polanski, na hapakuwa na mifupa, kadi wala cheti. Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba vituko vyake vyote vilikuwa vya kuficha filamu mbovu. Macabre, ndiyo. The Tingler, hapana, kwa sababu ukiiondolea mota bado lile giza na ile sauti vinafanya kazi, kama vilivyofanya kwenye kumbi zote ambazo hazikuona mota hata moja.

Viti vya kutetemeka vimerudi. Mtindo wa 4DX ulianzia Korea Kusini mwaka 2009, na sasa unaweza kununua tiketi ya bei ya juu ukatikiswa, ukapulizwa upepo na kurushiwa maji kwa saa mbili mfululizo. Kila kiti kinatetemeka, kila mtu anajua, na hakuna anayepiga yowe. Wakati huo huo ukumbi wa Film Forum wa New York umewahi kuirudisha The Tingler na Percepto yake, viti vichache vimefungwa mota kama zamani, na watazamaji, watu wazima wanaoijua hadithi yote kabla ya kukaa, wanainama kuchungulia chini ya viti vyao kabla taa hazijazimwa.